Mkwe Wangu Kwenye Kioo

Jumamosi, 1 Novemba 1997

Daftari hili lilikuwa la hesabu la binti yangu Rebeka. Aliliacha na kurasa nyingi tupu, nikaona ni dhambi kuliwashia moto. Nitaandika humu mpaka atakapojifungua, mwezi wa kwanza Mungu akipenda, maana mawazo nikiyaacha kichwani yananikaba. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la kisomo, kwa hiyo mwandiko unisamehe.

Leo baba Rebeka kaleta televisheni na deki. Walipompunguza kiwandani mimi nilisema tununue mashine ya kusaga. Yeye kasema, "Miaka kumi na tisa nimeangalia nyuzi zikipita kwenye mashine. Sasa nataka kuangalia watu." Nimenuna mpaka jioni. Mvua kubwa. Mtaa wetu wa Mabatini wote ni tope.

Jumapili, 2 Novemba

Baada ya kanisa tumeweka kanda ya harusi ya Rebeka. Ilikuwa imelala kabatini tangu Aprili, hatukuwa na pa kuichezea. Nilidhani tutaangalia mimi na mume wangu. Wapi! Mzee Mayala wa nyumba ya pili kaja na kigoda chake mwenyewe. Odeta, jirani yangu anayeuza dagaa soko la Mwaloni, kaja na wenzake watatu ambao harusi hiyo hawakuijua hata kwa kusikia.

Picha ilipofika kwa Orwa, mkwe wangu, nikajifunika uso na kanga. Nyumba nzima ikacheka. Lakini mimi ningefanyaje? Kwetu Wasukuma mama hamtazami mkwe wake usoni, na hao Wajaluo wa Mara vivyo hivyo, pengine wanatuzidi. Tangu aje kuposa, Orwa mimi namjua kwa viatu. Tunasalimiana kwa mbali, huyu kaangalia ukuta, huyu kaangalia kuku.

Mzee Mayala akasema, "Mama Rebeka, funua uso. Mkwe wako yuko Nansio kisiwani anatengeneza injini za mitumbwi. Hicho ni kioo tu, hakuoni."

Nikafunua kidogo kidogo. Ana kovu kwenye nyusi ya kushoto. Ana masikio ya kusimama. Miezi saba mwanangu anaishi na mtu, na mimi leo ndiyo nimeyaona masikio yake. Nimemwambia baba Rebeka asante kwa televisheni. Hakuamini, kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Novemba

Wamekuja tena. Kanda ile ile.

Jumapili, 9 Novemba

Kila siku nasema leo watachoka, na kila siku viatu mlangoni vinaongezeka. Wameshawapa watu wa kwenye kanda majina. Kuna Mama Kijani, shangazi yake Orwa, anayecheza mpaka kilemba kinadondoka. Kuna Bwana Sahani, mzee mmoja aliyepanga foleni ya wali mara tatu, kila mara kabadilisha upande wa kuingilia. Akikaribia watu wanashikana mikono. "Huyo! Huyo anakuja!" Na wanajua kabisa anakuja, jana alikuja, juzi alikuja. Si wa upande wetu wala wa kina Orwa. Hakuna anayemjua. Mtaa mzima unampenda.

Nimemuuliza Odeta, "Mnaona nini humu? Mimi ni mtoto wangu, ninyi je?"

Akasema, "Mwenzangu, mimi kutwa nzima sokoni watu wananiangalia mimi na dagaa zangu, wananuna, wanapunguza bei. Hapa ndiyo pekee nakaa mimi naangalia mtu, naye hawezi kuniambia niondoke."

Nimeliwaza neno lake nikiosha vyombo. Ni kweli. Mtu ukimkodolea macho njiani atakuuliza una shida gani. Kwenye kioo unamtazama mpaka meno, unamwona anavyojikuna, unamwona anavyomkonyeza mkewe akidhani hakuna anayeona, na unaondoka bila ugomvi. Halafu ni watu kweli. Sinema mtu anafundishwa kulia. Mama Kijani hakufundishwa na mtu.

Odeta kaniuliza pia mbona mimi simo hata mara moja, mama wa bibi harusi mzima. Nikamwambia siku ile nilikuwa huku na huku.

Ijumaa, 14 Novemba

Umeme hakuna. Wamekaa gizani saa nzima wakisimuliana kanda ile kwa mdomo.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo Odeta kasema jambo ambalo bora angelimeza.

Tulikuwa kwenye keki. Rebeka anamlisha Orwa, na Orwa badala ya kutazama mbele kama wenzake, kainamisha kichwa, kageuza uso kando, kakunja nyusi. Odeta akasema, "Simamisha hapo. Rudisha. Mmeona? Huyu bwana harusi hatazami kamera. Watu wote wanatazama, yeye kila ikimfikia anaangalia chini."

Mwenzake mmoja akadakia, "Anaficha kitu."

"Labda ana mwingine huko kwao Shirati."

Mzee Mayala akawaambia, "Labda ana adabu, kitu ambacho ninyi hamkijui." Wakacheka, wakaendelea hadi kwa Bwana Sahani. Mimi sikumwona Bwana Sahani. Nilikuwa bado kwenye keki.

Jumapili, 16 Novemba

Wote walipokuwa ibada ya pili, mimi nilibaki, nikaiweka kanda peke yangu. Nimehesabu. Mara kumi na moja anainama. Mlangoni mwa kanisa, kwenye keki, kwenye zawadi, hata kwenye kucheza. Akigeukia watu wengine anacheka vizuri tu, meno yote nje. Kamera ikimjia uso kwa uso, anafunga kama mlango.

Ee Mungu, nimempa mwanangu nani?

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua siku nne. Mto Mirongo umefika ukutani kwa fundi cherehani. Redioni wanasema ni mvua za El Nino. Mzee Mayala kasema hata zikipewa jina la ubatizo zinalowesha vile vile.

Ijumaa, 28 Novemba

Barua ya Rebeka imefika kwa mkono wa Suzana, yule mama wa Nansio anayekuja Mwanza kila wiki kuchukua mitumba. Nimeisoma mara tatu. Kliniki wamemwambia mtoto amekaa vizuri. Miguu inavimba jioni. Kisha mwishoni, kama mtu anayepita haraka: *Mama, Orwa hataki nisafiri kuja kujifungulia nyumbani. Amesema nitajifungulia hapa hapa.* Hakuna sababu iliyoandikwa.

Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mimi Rebeka nilimzaa kwa mama yangu, mama alinizaa kwa mama yake. Nani atamkanda maji ya moto? Nani atamwambia usilie, wote tumepita hapo?

Nikamwonyesha baba Rebeka. Kasoma, kakunja. "Ana sababu yake."

"Sababu gani? Mtu asiyeweza kutazama watu usoni!"

"Mke wangu, hebu jisikie. Unataka niende Nansio nikamwambie mkwe, nimekuja kwa sababu kwenye televisheni umeinama?"

Jumatatu, 1 Desemba

Mtaa umegawanyika. Kuna wa Orwa na kuna wa Rebeka. Bombani wananiuliza, "Mama Rebeka, kuna habari?" kana kwamba ni mpira. Wanamtetea na kumhukumu mtu ambaye hawajawahi kumpa hata maji. Nimegundua jambo: aliyeko kwenye kioo hawezi kujibu, kwa hiyo tunamjibia sisi. Na kila mmoja anamjibia kwa yale yaliyompata yeye. Odeta, mumewe alimkimbia akaenda machimboni Geita, basi kila mume kwa Odeta yuko njiani kwenda Geita. Mimi ni mtu wa hofu tangu tumbo la mama, kwa hiyo mimi ninachokiona ni hofu.

Nayaandika haya kwa akili kabisa. Lakini akili yangu ikishamaliza kuandika, moyo unarudi pale pale.

Jumapili, 7 Desemba

Sili vizuri.

Jumanne, 9 Desemba

Nimefanya jambo. Baba Rebeka hajui.

Nimemwandikia Orwa barua. Mimi, kwa mkono wangu, kwa mkwe wangu, mtu ambaye hata jina lake silitamki mbele yake. Sikumsalimia sana. Nimeandika: *Wewe ni mtu wa kuficha macho. Nimekuona. Sijui unaficha nini lakini mwanangu si mfungwa. Mlete nyumbani azae kwa mama yake kabla ya Krismasi, la sivyo nitakuja mwenyewe hadi mlangoni kwako, aibu itakuwa yetu sote.* Nikamkabidhi Suzana.

Aliposhika njia ya bandarini nilitaka kumkimbilia nimnyang'anye. Nikarudi ndani.

Jumapili, 14 Desemba

Hakuna jibu. Ziwa limechafuka, mawimbi meupe mpaka ufukwe wa Kirumba.

Jumapili, 21 Desemba

Leo deki ilimeza kanda. Ikala utepe, ikakoroma. Mtaa mzima ukashika kichwa kama kuna msiba. Baba Rebeka akaenda kumwita Antoni, yule mpiga video wa Kirumba aliyerekodi harusi yenyewe. Kijana mcheshi. Kafungua deki kwa bisibisi, kautoa utepe taratibu kama nesi anayetoa uzi wa kidonda, kaukunja kwa penseli. Tukajaribu. Picha ikarudi, na hapo iliporudi ndiyo pale kwenye keki, Orwa kainama.

Nikashindwa kujizuia. "Antoni mwanangu, wewe ulikuwa mbele yake siku nzima. Huyu bwana kwa nini alikuwa hataki kukutazama? Alikuwa na nini?"

Antoni akanigeukia, akacheka. "Mama, si ulikuwa nyuma yangu?"

"Nani?"

"Wewe. Umesahau? Tangu kanisani ulinishika koti hapa mgongoni kama mtoto anayevushwa barabara. Nikisogea unasogea. Nikikuambia mama nenda kaketi unasema hapana, najificha. Sasa kila anayetazama kamera alikuwa anakutazama wewe! Yule maskini nilimwambia, bwana harusi inua uso, tazama hapa. Akaninong'oneza, 'Siwezi, kaka, mama mkwe yuko hapo.' Nikamwambia basi, inama tu."

Mimi nikakaa chini sakafuni.

Ni kweli. Sasa nakumbuka koti lenyewe, la kijivu. Nilijificha nyuma ya Antoni ili nisigongane macho na mkwe wangu, na nilitaka pia kuona vizuri. Sikufikiri kwamba nyuma ya kamera ndipo mahali ambapo kila mtu anaambiwa aangalie. Mara kumi na moja kijana wa watu aliniheshimu mbele ya ukumbi mzima, akakubali kuharibika kwenye kanda ya harusi yake mwenyewe, na mimi nikazihesabu moja moja kama makosa.

Mzee Mayala akasema polepole, "Nilisema adabu." Odeta akainuka. Alikuja akakaa sakafuni na mimi.

Nimemweleza baba Rebeka kuhusu barua. Nilidhani atafoka. Yeye akasema, "Basi andika nyingine." Mungu ambariki mume huyu. Nimeandika. Suzana akija kesho nitampa.

Jumatatu, 22 Desemba

Suzana kaja jioni, meli ya kurudi Nansio ilikuwa imeshaondoka. Hata sikumpa barua yangu. Yeye ndiye alikuwa na karatasi, mwandiko wa Rebeka: *Mama, Orwa amesoma barua yako. Hakuniambia umeandika nini. Amesema mama ameita, tutakuja. Tunapanda meli ya Jumanne asubuhi.*

Suzana akaniambia, bila kujua ananichoma, "Mkwe wako alikuwa hataki asafiri kwa sababu ya mawimbi haya. Anasema wingi wa injini zilizoingia maji anazoletewa mwezi huu hajawahi kuuona, mitumbwi inarudi nusu imevunjika. Alishazungumza na nesi pale hospitali, alishaandaa kila kitu. Lakini tangu aipate barua yako kawa mtu wa kufunga mizigo."

Hiyo ndiyo sababu ambayo Rebeka hakuiandika. Alijua mimi na maji. Tangu msiba ule wa mwaka jana ziwani, meli ilipozama na watu, mimi hata beseni likijaa sana namwaga. Hakutaka kuniandikia neno mawimbi. Na mimi ndiye niliyemwita aje juu ya mawimbi hayo hayo, na mimba ya miezi minane.

Hakuna simu ya kuwafikia usiku huu. Mvua inapiga bati. Nasali.

Jumanne, 23 Desemba

Naandika jioni.

Saa nne asubuhi nilikuwa bandarini. Odeta hakwenda sokoni, alikuja na mimi, kafunga nailoni kichwani. Meli hufika kabla ya saa sita. Saa sita ikapita. Ziwa na mbingu rangi moja, hujui moja linaanzia wapi. Saa saba. Watu waliokuja kupokea ndugu wakaacha kupiga soga. Kila mmoja anaangalia maji, hakuna anayemwangalia mwenzake, maana ukimwangalia mwenzako utaona uso wako.

Nikamwambia Odeta, "Nimemuua mwanangu kwa kalamu."

Akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. "Nyamaza. Mimi ndiye niliyesema simamisha, rudisha. Kama ni dhambi tugawane."

Saa nane. Saa tisa. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwahidi vitu ambavyo sina. Mwanamke mmoja karibu yangu alikuwa akisali kwa Kikerewe, sikuelewa hata neno, nikawa naitikia amina.

Saa kumi kasoro mtu akapiga kelele. Ikaonekana, ndogo, imeinama upande, inapanda na kushuka. Ilitumia saa nzima kukaribia. Walipoanza kushuka watu walikuwa wamelowa, wametapika, wanawake wamebebana.

Rebeka alishuka kwa miguu yake. Tumbo mbele, kanga yangu ya zamani mabegani, anacheka na kulia. Nikamshika uso, nikamshika tumbo, mtoto akapiga teke mkononi mwangu pale pale. Asante. Asante. Asante. Sina neno lingine, nitaliandika hilo hilo.

"Mama, alinishika kiunoni masaa nane yote, hakukaa chini," akaniambia sikioni. "Alijifunga kamba kwenye nguzo, akanifunga na mimi kwake."

Nyuma yake niliona viatu. Vimelowa, vimejaa maji. Vikasimama mbali, vikageukia pembeni.

Nami nikageuka pembeni. Nilitaka kusema kitu, na sikuwa na njia ya kukisema.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Rebeka kala samaki wawili. Orwa kalala Kirumba kwa rafiki yake, mkwe halali kwa wakwe. Watu wa mtaa wamepita mmoja mmoja kumwona Rebeka, wakiniuliza kimya kimya yule wa kwenye kanda atapita saa ngapi. Alipopita njiani kwenda kwa baba Rebeka, wote walisimama milangoni wakaangalia chini kwa heshima, wale wale waliomhukumu. Odeta akampelekea dagaa mfuko mzima.

Jumamosi, 10 Januari 1998

Msichana. Kilo tatu na robo. Alfajiri. Wote wazima. Nilimkanda mwenyewe.

Jumatano, 14 Januari

Leo mvua imepumzika, jua limetoka kama mgeni mwenye aibu.

Mtoto ameitwa Roza, jina la mama yake Orwa, aliyefariki kabla hajaoa. Orwa alikuja kumpakata. Alikaa kwenye benchi nje, mgongo ukutani. Mimi nilikaa ndani, upande wa pili wa pazia la mlango, nachambua mchele. Baba Rebeka alikaa kizingitini kati yetu, na Rebeka alikuwa anaoga.

Nikaona ni sasa. Nikasema, "Baba Rebeka, mwambie mkwe kuwa nilimwandikia barua ya ujinga."

Baba Rebeka akasema, "Amekusikia, yuko hapo."

"Mwambie hata hivyo."

Akahema. "Mkwe, mama anasema barua ilikuwa ya ujinga."

Sauti ikatoka nje, ya chini, ya taratibu. "Baba, mwambie mama haina neno."

"Mama, haina neno."

"Mwambie ina neno. Niliwatia majini kwa kiherehere changu. Naomba anisamehe."

Baba Rebeka akasimama, akajipangusa suruali. "Mimi si posta," akasema. "Hapa kuna ng'ombe anataka maji kwa Mzee Mayala." Mzee Mayala hana ng'ombe. Akaondoka, akatuacha.

Mimi na mchele, yeye na mtoto. Hakuna wa kupitishia neno. Nikawa nasikia kuku. Nikafikiri, yataishia hapa, tutazeeka na neno hili katikati.

Halafu nikamsikia Orwa akisema polepole, "Roza. Roza mama. Mwambie bibi yako kuwa tangu mama yangu afe, hakuna mtu aliyenigombeza kwa mkono wake mwenyewe. Mwambie ile barua niliisoma nikaona kumbe Rebeka ana mtu wa kumwogopea hivyo, na mimi nimeoa humo. Mwambie nimeitunza."

Mchele ulikuwa haueleweki mbele yangu, ungesema umelowa. Nikajifuta kwa kanga.

"Roza," nikasema, "mwambie baba yako aichome. Na akinisikia nagombeza tena, asizoee."

Akacheka. Kwenye kanda wameweka muziki juu, nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Kinaanzia puani.

Mtoto akaanza kulia, kilio cha njaa, na Rebeka bado anaoga. Tukangoja kidogo kila mmoja upande wake. Kisha pazia likasogea chini, ikaingia mikono miwili, kucha zina weusi wa oili ambao hautoki kwa sabuni, na katikati yake Roza, mwekundu, anapiga miguu. Mikono haikukatazwa. Niliitazama vizuri, nikampokea.